Ramani ya Juan de la Cosa ina wenyewe wengi

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa historia wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na picha ya ramani ya Juan de la Cosa ya mwaka 1500, ramani ya kale kuliko zote zilizosalia ambazo zinaonyesha Amerika. Nimefurahi mno kuiona kwenye gazeti la Kiswahili, nimeikata na kuihifadhi. Ila chini ya picha mmeandika kwamba Wahispania waliichora kama walivyoiona kwa macho yao. Hapo naomba nafasi niseme neno, maana kazi iliyonilea na kunisomeshea watoto ni kuchora ramani kwa mkono, na kwa kazi hiyo najua kwamba ramani ya bahari haichorwi hivyo.

Nilianza katika ofisi ya upimaji hapa Tanga kabla kompyuta hazijafika. Tulikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake. Unatandaza karatasi ya zamani, juu yake unaweka karatasi angavu, unabana pembe zote nne, kisha unafuata mistari kwa kalamu ya wino huku umeshika pumzi. Kila karatasi ilikuwa na kisanduku chini, mkono wa kulia: nani alipima, mwaka gani, nani alichora, imenakiliwa kutoka karatasi namba ngapi. Kisanduku kikiwa kitupu, mkubwa wetu hakutia sahihi, hata mchoro uwe mzuri vipi.

Ramani za mwanzo za bahari za Wahispania hazina kisanduku hicho, na nyingine hazina hata jina la mchoraji. Kutafuta asili yake ni kukijaza kisanduku hicho miaka mia tano baadaye, kwa kusoma ngozi, wino, majina ya bandari, bendera na makosa. Makosa hasa, nami nitayafikia.

Nianze na hiyo mliyoichapisha. Asili yake ipo Madrid, katika jumba la makumbusho la jeshi la majini. Ni ngozi mbili zilizounganishwa, urefu sentimita 183 na kimo sentimita 93. Hii ina bahati, maana imeandikwa juu yake kwamba Juan de la Cosa aliitengeneza katika mji wa Puerto de Santa María mwaka 1500. Mtu huyu alikuwa mwenye merikebu ya Santa María, ile aliyopanda Columbus mwaka 1492. Alirudi tena ng'ambo mwaka 1493, na mwaka 1499 akaenda na Alonso de Ojeda na Amerigo Vespucci mpaka pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini. Basi pwani hiyo, pamoja na visiwa vya Karibi, alivijua kwa macho yake. Lakini tazameni sehemu nyingine za ngozi hiyo hiyo. Bahari ya Mediterania imechorwa kwa namna ambayo wachoraji wa Genova na Venisi huko Italia, na wa kisiwa cha Mallorca huko Hispania, walikuwa wakiirithishana kwa karne mbili kabla yake. Pwani ya Afrika ina bendera za Ureno, kwa kuwa ni Wareno walioipima. Na kule juu, kaskazini mwa Amerika, kuna bendera za Waingereza na maandishi yanayosema kwamba bahari ile iligunduliwa na Waingereza.

Hizo bendera za Waingereza zina habari yake. John Cabot alitoka Bristol mwaka 1497 na kufika nchi zile za kaskazini. Mchoraji aliyekaa kusini mwa Hispania alizipataje habari zake ndani ya miaka mitatu? Zipo barua mbili zinazotuonyesha njia. Moja iliandikwa na mfanyabiashara Mwingereza, John Day, kwenda kwa Admirali Mkuu wa Hispania, ambaye wataalamu wengi wanakubali kwamba ni Columbus mwenyewe. Day anasimulia safari hiyo na kutaja nakala ya nchi iliyopatikana. Barua ile ililala katika hifadhi ya nyaraka ya Simancas mpaka mtafiti Louis-André Vigneras alipoichapisha mwaka 1956. Ya pili ni ya Pedro de Ayala, mjumbe wa Hispania huko London, ambaye Julai 1498 aliwaandikia mfalme na malkia wake kwamba ameiona ramani iliyotengenezwa na mgunduzi huyo. Kwa hiyo michoro ilikuwa ikivuka bahari mikononi mwa wafanyabiashara na mabalozi, si mikononi mwa mabaharia peke yao.

Sasa niitaje Kuba, ambayo kwangu ndiyo kiini cha ramani nzima. Juni 1494 Columbus aliwaapisha mabaharia wake mbele ya mthibitishaji kwamba Kuba ni bara wala si kisiwa. Adhabu ya atakayesema kinyume ilikuwa faini na kukatwa ulimi. Juan de la Cosa alikuwa miongoni mwa walioapishwa, na katika hati hiyo ametajwa kuwa fundi wa kutengeneza ramani. Miaka sita baadaye fundi huyo huyo amechora Kuba ikiwa kisiwa, imezungukwa na maji pande zote. Merikebu za Wahispania hazikuizunguka Kuba kikamilifu mpaka safari ya Sebastián de Ocampo ya mwaka 1508. Wapo wataalamu ambao kwa sababu hiyo wamesema kwamba sehemu ya Amerika lazima iliongezwa baada ya 1500. Mimi siwafuati. Katika kumbukumbu za safari ya kwanza, za Oktoba 1492, imeandikwa kwamba wenyeji walimwambia Columbus kwamba Kuba ni kisiwa, tena kikubwa kiasi kwamba mitumbwi yao haiwezi kukizunguka kwa siku ishirini. Wenyeji wale, Wataino, walikuwa wakiyavuka maji hayo tangu enzi za mababu zao. Kwa nini tukimbilie kusema tarehe ya ramani ni ya uongo, wakati kumbukumbu yenyewe inatuambia nani alikuwa anajua na nani aliambiwa?

Ndugu Mhariri, hapo ndipo panaponiuma. Kwenye kisanduku cha ramani ile, mahali pa kuandika aliyepima Kuba, pangeandikwa Wataino, na gazeti lenu limeandika Wahispania.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu ufundi wenyewe haukuzaliwa Sevilla, mji wa Hispania ulikokuja kuchorewa ramani za ng'ambo. Ulikuwa Mallorca karne moja na nusu kabla ya Columbus. Mwaka 1339 Angelino Dulcert alitia sahihi ramani yake huko, na atlasi mashuhuri ya mwaka 1375, yenye picha ya Mansa Musa wa Mali akiwa ameshika pande la dhahabu, inahesabiwa kuwa kazi ya Cresques Abraham, Myahudi wa Palma. Mfalme wa Aragon aliagiza mwaka 1354 kwamba kila merikebu yake ya vita iwe na ramani mbili za bahari. Ramani za Mallorca utazitambua hata bila jina: Bahari ya Shamu imepakwa rangi nyekundu, milima ya Atlas imechorwa ikiwa na vidole mwishoni kama mguu wa kuku, na mto Tagus umeizunguka Toledo. Majina ya bandari yameandikwa upande wa nchi kavu ili pwani ibaki safi, bandari kubwa kwa wino mwekundu. Hata mistari ya pepo, yaani ile inayoonyesha pande za upepo, ina kanuni yake: pepo kuu nane kwa wino mweusi au wa kahawia, nusu pepo kwa kijani, robo pepo kwa nyekundu. Fundi mmoja akifundisha wengine, alama hizo hurudi katika kazi zao wote, na ndivyo mtaalamu wa leo anavyojua ngozi isiyo na jina imetoka karakana ipi.

Namna ya kunakili tunaijua pia. Martín Cortés, aliyechapisha mafunzo ya ubaharia mjini Sevilla mwaka 1551, anaeleza kwamba mchoraji anatumia karatasi iliyopakwa mafuta ikawa angavu, anafuata pwani juu yake, kisha anaweka chini karatasi iliyofukizwa moshi na kupita tena juu ya mistari ile kwa ncha ngumu, masizi yashike kwenye ngozi mpya. Nilipoyasoma hayo niliinuka kitini. Ni kazi yetu ileile, tofauti ni taa na kioo tu.

Na anayenakili hivyo hunakili kila kitu, pamoja na kosa. Haya ndiyo makosa niliyoahidi. Katika ramani ya La Cosa, Kuba na Hispaniola (kisiwa cha Haiti na Jamhuri ya Dominika za leo) zimewekwa kaskazini mwa Tropiki ya Kansa, mstari wa kufikirika ulio kaskazini mwa ikweta, ilhali zote mbili ziko kusini mwake. Sasa chukueni ramani iitwayo ya Cantino, iliyochorwa Ureno mwaka 1502 na kutolewa nje kwa siri na wakala wa mtawala wa Ferrara. Nayo ina kosa hilo hilo. Wachoraji wawili, nchi mbili zenye uhasama, na visiwa vimepotoka kuelekea upande uleule. Watu wawili wanaopima kila mmoja kwa vyombo vyake ni nadra wakosee sawasawa namna hiyo. Kosa limetoka kwenye michoro iliyotokana na safari za Columbus, na wote wawili wamelipokea. Jambo lililochorwa kwa usahihi halikuonyeshi lilitoka wapi, maana yeyote anaweza kupatia.

Wahispania wenyewe waliona fujo hiyo. Walikuwa wameanzisha ofisi ya biashara ya ng'ambo, Casa de Contratación, mjini Sevilla mwaka 1503, na mwaka 1508 mfalme aliagiza itengenezwe ramani moja kuu, Padrón Real, chini ya Amerigo Vespucci, mkuu wa kwanza wa marubani. Kila rubani anayerudi alitakiwa kuleta aliyoyaona, na ramani ya safari lazima iwe nakala ya ile kuu. Atakayetumia nyingine alipe faini ya doblas 50, sarafu za dhahabu za wakati huo. Mwaka 1526 Hernando Colón, mwana wa Columbus, alipewa kazi ya kuisahihisha yote upya. Fikirini chumba kile cha Sevilla: marubani wanaingia na chumvi mwilini, kila mmoja na ghuba yake na rasi yake, na wachoraji wanabishana waifute ipi. Nimefanya kazi katika chumba cha aina hiyo.

Ramani kuu yenyewe haipo tena. Hakuna hata karatasi moja ya Padrón Real iliyosalia. Na nakala zilizosafiri kwenye merikebu zimeliwa na maji ya chumvi na ukungu, na ngozi chakavu zilikatwa zikawa majalada ya vitabu. Zilizobaki ni zile ambazo hazikupanda chombo kamwe, yaani zawadi. Mfalme Carlos V alizitoa kwa wajumbe wa Papa waliofika kwake: moja inajulikana kwa jina la kardinali Salviati na iko Florence, nyingine ilitolewa kwa Baldassare Castiglione na iko Modena. Kwa hiyo anayetaka kuona ramani za Sevilla za miaka ya 1520 lazima aende Italia. Ile ya Salviati naipenda kuliko zote, kwa sababu mchoraji, anayedhaniwa kuwa Nuño García de Toreno, mahali asipokuwa na habari ameacha wazi. Hakubuni milima wala majitu. Anayejua kuacha ngozi tupu mbele ya mfalme ni mtu wa kuheshimiwa.

Halafu kuna Diogo Ribeiro, ambaye mmeahidi kumwandika toleo lijalo. Huyu alikuwa Mreno aliyeajiriwa na mfalme wa Hispania kama mtaalamu wa ramani na vyombo, na alitengeneza pia pampu za kutoa maji merikebuni. Ramani yake ya mwaka 1529 ipo katika nakala mbili, Vatikani na Weimar. Mjukuu wangu alinifungulia picha yake kwenye kompyuta nikakaa nayo mpaka alasiri. Ribeiro amefanya jambo ambalo sisi wachoraji tunalielewa mara moja: amekijaza kisanduku, ila amekitawanya pwani nzima. Kwenye pwani ya Amerika Kaskazini ameandika nchi ya Esteban Gómez, kisha chini yake nchi ya Ayllón, kisha nchi ya Garay. Kila kipande cha pwani kina jina la aliyeleta habari zake au aliyegharamia safari. Gómez alikuwa rubani aliyepita huko mwaka 1524 na 1525, naye pia ni Mreno. Na Yucatán, kule Meksiko, imechorwa kisiwa. Kosa hilo linajulikana lilipotoka: rubani Antón de Alaminos alipita huko mwaka 1517 na 1518 akaamini kwamba ni kisiwa, na tangazo lake likaingia kwenye ramani likakaa.

Ribeiro nampenda, lakini lazima niseme na lingine. Visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, ameviweka upande wa Hispania wa mstari uliokubaliwa Tordesillas mwaka 1494 ili Hispania na Ureno zigawane nchi za ng'ambo, wakati vilikuwa upande wa Ureno. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na nimekulia mikarafuuni, kwa hiyo naelewa mabavu yote yale yalikuwa ya nini. Wakati ule karafuu duniani ilitoka Maluku peke yake, mikarafuu ya Pemba na Unguja ilikuwa bado karne nyingi. Mwaka 1524 wataalamu wa pande mbili walikutana mpakani, Badajoz na Elvas, wakashindwa kuafikiana, maana hakuna aliyeweza kupima longitudo kwa uhakika. Ribeiro alikuwa upande wa Wahispania. Mwaka uleule alipochora ramani ya Vatikani, Aprili 1529, Carlos V aliwauzia Wareno madai yake ya Maluku huko Zaragoza kwa dukati 350,000. Bei kama hiyo haipatikani kama ramani zako zinasema mali si yako. Basi anayefuatilia asili ya mstari kwenye ramani aulize pia nani alimlipa mchoraji.

Na pwani yetu? Kilwa, Mombasa na Malindi zikionekana kwenye ramani ya Sevilla, zimetoka Lisbon. Mkataba wa Tordesillas uliwazuia Wahispania kupita huku, nao wakachukua kwa Wareno kama walivyochukua mengine, kwa kuajiri watu wao.

Liko jambo la mwisho, nalo ni njia ambayo ngozi yenyewe imepita. Mmeandika kwamba ramani ya La Cosa imetunzwa Madrid, msomaji akadhani imekuwa pale siku zote. Ilionekana dukani Paris mwaka 1832, akainunua Baron Walckenaer, na mwanasayansi Mjerumani Alexander von Humboldt ndiye aliyeitambua na kuutangazia ulimwengu. Walckenaer alipofariki, vitu vyake vikapigwa mnada na serikali ya Hispania ikainunua mwaka 1853. Ramani nyingine, iliyochorwa na Gabriel de Vallseca huko Mallorca mwaka 1439, nyuma yake imeandikwa kwa Kiitaliano kwamba Amerigo Vespucci aliilipia dukati 130 za dhahabu. Baadaye ikawa mali ya nyumba moja ya wakuu wa Mallorca, na huko, majira ya baridi ya 1838 kuingia 1839, wenyeji walipokuwa wakimwonyesha mwandishi George Sand, kidau cha wino kilimwagika juu yake. Leo iko Barcelona na doa lipo. Wapo wanaosikitika kwa doa lile. Mimi pia nasikitika, lakini ule mwandiko wa nyuma ndio unaonishughulisha zaidi, kwa sababu kila anayechapisha picha huchapisha upande wa mbele tu.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo na halina gharama ila mistari mitatu ya herufi ndogo. Mnapochapisha ramani ya kale, tuambieni ni asili au nakala, iko wapi leo na ilifikaje hapo, na habari zilizomo zilitoka kwa nani. Kwa ile ya La Cosa mngeweza kuandika hivi: imechorwa Puerto de Santa María mwaka 1500, ikaonekana Paris mwaka 1832, iko Madrid, Karibi na Amerika Kusini ni kutokana na safari za Wahispania na maelezo ya Wataino, kaskazini ni kwa safari ya Cabot, Afrika ni kwa Wareno, Mediterania ni kwa mafundi wa Italia na Mallorca. Walimu wa shule wanazikata picha zenu na kuzibandika ukutani. Nimewaona.

Na mkifika kwa Ribeiro wiki ijayo, nawaomba picha iwe kubwa kiasi kwamba majina ya Gómez, Ayllón na Garay yasomeke, na kwenye Yucatán mwandike jina la Alaminos.

Wenu,
Mchora ramani mstaafu,
Ngamiani, Tanga.